Sakado Yenye Mukanda

Kuna watu wanaochagua mume kwa siku moja na kuishi naye miaka arobaini bila kunung'unika. Maman Adolphine alikuwa mmoja wao. Lakini sakado, mfuko wa mgongoni, kitu cha kitambaa na zipu, ilimchukua siku tatu nzima katika soko la Kadutu, na siku ya tatu wauzaji walipomwona anakuja walijifanya wanapanga mali.

Msimlaumu. Mfuko ule ulikuwa wa kupandia mlima Kahuzi, na Kahuzi kwake haikuwa mchezo.

Alizaliwa kijiji cha Miti, chini ya mlima huo. Tangu miaka kumi na mitatu alibeba mizigo ya watu: kabichi, makaa, viazi, unga. Kamba ilipita kwenye paji la uso na gunia likalala mgongoni, kama wanawake wa kwao, Bushi, wanavyobeba. Mlima ulikuwa palepale kila asubuhi, unavaa mawingu na kuyavua, na hata siku moja hakuupanda. Angeupandia nini? Juu hakuna soko. Hakuna aliyewahi kumwambia, "Adolphine, nipelekee gunia hili kileleni." Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane. Kamba aliitundika miaka sita iliyopita, akawa anauza maharagwe mbele ya nyumba yake, na alitaka kupanda Kahuzi kwa sababu hiyohiyo: juu hakuna soko. Alitaka, mara moja katika maisha yake, kupanda mahali ambapo hakuna mtu aliyemtuma.

Aliyemwingiza katika jambo hili alikuwa binti yake Fanny, mwalimu wa shule ya msingi. Fanny alikuwa katika kikundi kinachoitwa Miguu Yetu, watu ishirini hivi wa ofisini na wa dukani wanaotembea vilimani kila Jumamosi badala ya kulala. Kiongozi wao alikuwa Chantal, muuguzi, mwanamke mwema kabisa, ila anapenda sheria kuliko polisi wa barabarani. Chantal alituma sheria za safari ya Kahuzi kwenye simu, kwa Kifaransa, na Fanny akamsomea mama yake kwa Kiswahili huku mama anachambua maharagwe.

"Viatu vya kufunga. Koti ya mvua. Maji litre mbili. Na kila mutu akuye na sakado yenye mukanda. Bila mukanda, hakuna kupanda."

Maman Adolphine aliacha maharagwe. "Amesema mukanda?"

"Ndiyo. Anasema mukanda ndiyo inabeba uzito, mabega isichoke."

"Eh! Huyu Chantal iko na akili. Nilikuwa nazania ni mutoto wa mjini tu, kumbe anajua kubeba!"

Fanny hakuuliza mama yake ana maana gani. Angeuliza palepale tungepona mambo mengi, lakini alikuwa na madaftari sitini ya kusahihisha, akaendelea kusoma. Jumamosi kutakuwa na jaribio. Watapanda kutoka ziwani hadi kilima cha nyuma ya Kadutu, kila mtu na mzigo wake kamili. Atakayeshindwa kwenda pamoja na wenzake atabaki, na Kahuzi haitamwona mwaka huo.

"Haitanishinda," akasema Maman Adolphine. "Mimi shida yangu ni sakado tu."

Siku mbili za kwanza alizunguka soko lote peke yake na hakununua kitu. Siku ya tatu Fanny alitoka shuleni mapema, akamfuata mama yake hadi kwa Guylain, muuzaji wa mifuko ya mitumba, mwanaume wa makamo mwenye tumbo na utani, na vyote viwili vilikuwa vikubwa.

"Maman, karibu tena," Guylain akasema. "Leo ni kununua ao ni kutembelea bagonjwa?"

"Leta mifuko, wacha maneno."

Akaleta. Kulikuwa na nyekundu yenye picha ya sungura, ya watoto wa shule. Kulikuwa na nyeusi ya kuwekea ordinatere, yaani kompyuta. Kulikuwa na ya bluu yenye mifuko midogo kumi na mmoja, na Maman Adolphine akaihesabu yote, akatikisa kichwa. "Hapa nikitia chumvi leo, nitaiona Noeli."

Zipu hakuzitazama. Rangi hakuijali. Kila mfuko aliushika mkanda kwanza, akaukanyaga mfuko kwa mguu na kuuvuta mkanda kwa mikono miwili hadi Guylain akafumba macho kwa huruma ya mali yake. Mingi ilikuwa na vikanda vyembamba kama kamba za viatu. "Hii itanikata," alisema, akautupa. "Na hii itanikata zaidi."

"Muchagua jembe si mukulima, Maman," Guylain akamchokoza.

"Na mwenye kuuza jembe je? Weye ulilima wapi na hiyo tumbo?"

Wauzaji wa jirani wakacheka. Guylain naye akacheka, maana alijua amepigwa. Kisha akainama, akachimba chini ya rundo lake kwa muda mrefu, akatoka na mfuko wa kijani kibichi, si mkubwa, si mdogo, umefifia kidogo juu lakini mishono yake mizima.

"Tangu juzi unatafuta mukanda, mie nimekuelewa," akasema. "Angalia hii. Mupana, iko na sponji ndani. Na murefu! Muzungu wa kwanza mwenye alikuwa nayo, tumbo yake ilikuwa kubwa kupita yangu."

Maman Adolphine aliushika. Mkanda ulikuwa mpana wa vidole vinne, laini ndani, mgumu nje, nao ulitoka chini kabisa ya mfuko, mahali penyewe mkanda unapotakiwa kutoka ili mzigo ukae. Moyo wake ulicheza. Akasema nipeni viazi, akapewa viazi vya jirani, akaujaza mfuko nusu. Akafunga kifungo cha mkanda, tak! Akaulegeza hadi mwisho. Akautupa mfuko mgongoni, akainamisha shingo, akauweka mkanda kwenye paji la uso.

Ukakaa. Katika paji la uso wa Maman Adolphine kuna kashimo kadogo, kamechimbwa na kamba miaka yote ile, na mkanda wa yule mzungu uliingia humo na kutulia. Akapiga hatua tano kwenda, tano kurudi. Akacheka peke yake.

"Yesu wangu! Bazungu nabo banajua!"

Halafu mstari mzima wa wauzaji ulipasuka kwa kicheko. Guylain alishika mti wa kibanda chake asianguke.

"Maman! Maman Adolphine! Ile ni ya kiuno!"

"Kiuno gani?"

"Kiuno! Banaifungaka hapa, ku tumbo!"

"Aka! Toka hapa. Kiuno inabeba nini? Mie nimebeba gunia miaka makumi tatu na mingapi, sijaonaka muzigo yenye kutembea na kiuno. Kiuno ni ya kucheza!" Na akakitikisa kiuno chake kidogo kuwaonyesha, mkanda ukiwa bado kichwani, hata kiazi kimoja hakikuanguka. Wanawake wa soko wakapiga vigelegele.

Bei walipatana wakiwa bado wanafuta machozi ya kicheko. Mtu mmoja tu hakucheka.

Njiani kurudi nyumbani Fanny alitangulia mbele hadi kwenye ngazi za udongo zinazopanda kwao. Hapo akasimama.

"Maman, Jumamosi, mbele ya bale bantu, usiweke ile mukanda ku kichwa. Nakuomba."

"Juu ya nini? Unanisikilia haya?"

"Hapana." Fanny alinyoosha kidole, akagusa paji la uso la mama yake, mahali penye kashimo. "Siku zote nilikuwa ku masomo, nilikuwa naona hapa. Nikifungua kitabu, naona hapa. Nilisoma ili utoe kamba ku kichwa. Na uliitoa. Leo unairudisha kwa kupenda?"

Macho yake yalikuwa yamejaa. Maman Adolphine alikuwa amejiandaa kugombana na haya ya binti yake, na haya angeishinda kwa maneno mawili. Huu ulikuwa upendo, na upendo haugombwi. Alijisikia kubarikiwa na kufungwa kwa wakati mmoja.

"Basi, mwanangu," akasema. "Nitafunga ku kiuno."

Jumamosi ikafika, jua la kiangazi, ziwa limetulia. Miguu Yetu walikutana Muhumba karibu na maji, kila mtu na sakado yake, wengine na fimbo za kukunja, wengine na miwani ya jua. Chantal alipita akipima mizigo kwa mkono. Alipofika kwa Maman Adolphine aliona mkanda umefungwa tumboni, umekazwa vizuri, akatabasamu. "Maman, uko en ordre kabisa!"

Alikuwa en ordre, sawasawa na sheria, lakini kutembea hatembei. Mabega yalivutwa nyuma. Tumbo lilibanwa na pumzi haikupata njia. Kila alipotaka kuinama mbele jinsi alivyozoea, mfuko ulimrudisha nyuma, na kila hatua ilikuwa majadiliano. Waswahili wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu ulikuwa wake mwenyewe, maji na viazi na koti tu, na ulimlemea kuliko magunia yote ya Miti. Walipofika barabara ya juu alikuwa wa mwisho. Walipoanza kilima chenyewe, mbele yake kulikuwa na pengo la nyumba kumi. Aliwasikia vijana wa kikundi wanaofanya kazi benki wakiimba huko juu, na yeye hakuwa na pumzi hata ya kuwatukana.

Chantal alirudi chini kumfuata. Akamshika mkono kwa upole, na upole ule ndio uliouma.

"Maman, hapana kusikia vibaya. Kahuzi haikimbie. Tutaenda na weye mwaka kesho."

Mwaka kesho! Maman Adolphine alilijua neno hilo. Kuhusu shule yake mwenyewe aliambiwa mwaka kesho, akiwa na miaka kumi na mitatu, na mwaka huo ulikuwa bado njiani hadi leo. Hasira ilimpanda, na nyuma ya hasira ukaja uchungu, na akaona aibu kwamba mwanamke mzima anakaribia kulia kwa sababu ya mlima. Lakini mkanda hakuweza kuupandisha kichwani, maana alikuwa ameahidi. Alisimama tu hapo njiani, mikono yake imeshika mikanda ya mabega.

Huko juu Fanny aligeuka. Aliwaona wawili wale wamesimama, akauona uso wa mama yake, na maneno ya Chantal hakuhitaji kuyasikia. Alitelemka mbio, vumbi likiruka. Alipiga magoti mbele ya mama yake kama mtu anayemfunga mtoto viatu, akakamata kile kifungo tumboni, tak, akakifungua. Akaulegeza mkanda hadi mwisho, kule kwenye urefu wa tumbo la mzungu. Akaufunga tena.

"Inama kidogo, Maman."

Maman Adolphine aliinama. Fanny akaupandisha mkanda, akauweka kwenye kashimo kwa mikono yake miwili, akausawazisha kushoto na kulia, kama anavyonyoosha ukosi wa mwanafunzi wake.

"Ni sawa?"

"Sogeza kidogo hapa. Eh. Sawa."

"Sasa enda, Maman. Enda!"

Ndugu zangu, alikwenda. Shingo ilikumbuka, mgongo ukakumbuka, miguu ikapata hatua yake fupi fupi isiyokata pumzi. Alimwacha Chantal mdomo wazi. Aliwapita wanawake wawili wa duka la dawa. Aliwapita wale vijana wa benki, na alipowapita, pumzi ilikuwa imerudi, akawaambia, "Batoto, mbona mumesimama? Munangojea nani?" Walikuwa hawajasimama, walikuwa wanatembea. Fanny nyuma alikuwa anacheka na kulia pamoja, na kumfuata mama yake hakuweza.

Chantal alipofika juu, jasho linamtiririka, alimkuta Maman Adolphine anapanga mawe ya watu kukalia. Chantal alitoa simu yake. Alisoma sheria zake mwenyewe tangu juu hadi chini, taratibu, kama mtu anayetafuta kosa katika barua.

"Niliandika sakado yenye mukanda," akasema mwishowe. "Mukanda ya wapi, sikuandika." Akairudisha simu mfukoni. "Maman, utatembea mbele."

Wiki mbili baadaye, asubuhi ya Julai, walikuwa Kahuzi. Kiongozi wao wa njia alikuwa Papa Déogratias, mzee mwembamba mwenye panga, ambaye alipomwona Maman Adolphine na mkanda wake kichwani hakushangaa hata kidogo. Alimwamkia tu kwa Mashi, lugha ya kwao, "Asinge, Maman," akageuka kufyeka njia.

Walipita msitu, walipita mianzi, na kwenye mianzi matope yaliwafika vifundoni. Vijana wawili wa benki walikuwa wamelegeza mikanda yao na kuiweka kichwani tangu asubuhi, maana waliyoyaona Jumamosi ile yaliwakaa moyoni. Kabla ya saa moja kupita shingo zao ziliwauma, wakarudisha mikanda kiunoni na kusema asante kwa yote. "Shingo haisomi siku moja," Maman Adolphine akawafariji. Baada ya mianzi kulikuja vichaka vyenye ndevu za ukungu, kisha mawe na baridi. Fanny alikuwa anashika mizizi kwa mikono. Mama yake alikuwa mbele, nyuma ya Papa Déogratias, hatua fupi fupi, anaongea na mlima kwa Mashi chini chini, na binti yake hakupata kusikia alikuwa anauambia nini.

Halafu hapakuwa na mahali pengine pa kupanda.

Wote walitupa mifuko chini na kupiga kelele. Mawingu yalifunguka upande mmoja, na ziwa likaonekana mbali, na upande huu mashamba ya Miti, vipande vidogo vidogo vya kijani. Watu walikumbatiana. Watu walitoa simu. Maman Adolphine alibaki amesimama katikati, ameinama kidogo, mzigo mgongoni, mkanda kwenye paji la uso.

Papa Déogratias alimsogelea. "Tua, Maman. Tumefika."

"Nitue wapi?" akauliza. "Mwenye muzigo iko wapi?"

Vijana wa benki walicheka, wakidhani ni utani wake mwingine. Haukuwa utani. Mdomo uliuliza kabla kichwa hakijafikiri. Maana mbebaji hatui mzigo anapotaka yeye. Anafika, anasimama, anangoja mwenye mzigo atoke aonyeshe mahali: weka hapa, hapana, weka kule, angalia ukuta wangu. Magoti yanatetemeka na mwenyewe bado anatafuta ufunguo. Hivyo ndivyo alivyofika kila mahali alikofika katika maisha yake, na hivyo ndivyo alivyofika kileleni pa Kahuzi.

Fanny hakucheka. Alikuja, akasimama mbele ya mama yake, akainama hadi macho yao yakaonana chini ya ule mkanda.

"Mwenyewe ni weye, Maman."

"Ni mie?"

"Ni weye."

Maman Adolphine alitazama mashamba ya Miti kule chini. Upepo ulimpiga kitambaa cha kichwa. Halafu kicheko kilianza tumboni, kikapanda, kikamtikisa na mzigo wake.

"Ee Nyamuzinda, Mungu wangu! Kumbe ni mie! Basi mungoje, mie mwenyewe nitoke nionyeshe." Akajikohoza, akanyoosha kidole kwa madaha kama mama mwenye nyumba ya orofa. "Weye mama, leta hapa. Hapana, hapa iko jua. Peleka kule." Akaubeba mzigo kule. "Kule iko upepo! Hauone? Rudisha huku. Pole pole, usinivunjie mayai yangu!" Alizunguka kilele chote akijituma na kujitii, na Miguu Yetu walicheka hadi wakakaa chini. Chantal alijifuta macho kwa kofia. Papa Déogratias alicheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka.

Mwishowe alipata jiwe bapa linalotazama Miti. Alilipapasa, akaliona kavu. Akautoa mkanda kichwani, akaushusha mfuko taratibu, akakaa kando yake. Akafungua zipu, akatoa kitambaa chenye mayai ya kuchemsha, mayai kumi na mawili, na watu walikuwa wameshaanza kunyoosha mikono.

"Mungoje," akawaambia.

Akamenya la kwanza, akalitia chumvi, akalila yeye mwenyewe.